Nafundisha S.6 Jumamosi hapa Busia, nianzie wapi?

KijanaWaMpakani
Habari zenu wote. Niko Busia upande wa Uganda, nimemaliza chuo nikarudi nyumbani, sasa kila Jumamosi nakaa na wanafunzi 9 wa S.6, mwaka wa mwisho wa sekondari, wanaosoma HEG (historia, uchumi na jografia), tumepewa chumba cha madrasa bure. Hawa watoto wana akili jamani. Wengine asubuhi wanabeba mizigo mpakani ndio wapate fees, wanafika wamechoka na bado wanauliza maswali mpaka nakwama. Sasa mtihani wa taifa wa UNEB ni Novemba na mimi wiki sita nimewapa noti tu, juzi nikasema waandike esei moja ya historia, swali linataka wapime sababu ipi ilikuwa na uzito zaidi, wakanimwagia noti zangu vilevile neno kwa neno, hakuna hata mmoja aliyepima. Usingizi sikupata. Nina masaa manne tu kwa wiki, nifanyeje?

MzeeChaki
Noti achana nazo mwanangu. Mtoto wa shule kubwa Kampala anaenda semina, anaandika, anamakiwa, anaandika tena. Wa kwako ameandika esei ngapi ambazo mtu alizisoma mpaka mwisho? Shida iko hapo, si akili. Wape swali la pasti pepa, wabishane kwanza linataka nini na msimamo wao ni upi, halafu waandike daftari zikiwa zimefungwa, halafu umaki mwenyewe akiwa amekaa pembeni yako aone kalamu inasimama wapi na kwa nini. Esei moja hivyo ni bora kuliko kurasa 30 za noti. Na jografia usisahau, pepa 1 kusoma ramani ni lazima na shule nyingi za huku ramani yenyewe wanaionea mtihanini. Tafuta hata moja ya skeli 1:50,000, itandaze mezani, wapime barabara kwa uzi.

DadaWaArua
Mwalimu mzee amesema kweli, mimi nilikuwa mtoto kama hao. Nitaongeza kitu ambacho mimi hakuna aliyeniambia mpaka nimechelewa: wafundishe hesabu ya weti sasa hivi, yaani pointi ambazo vyuo vinapanga nazo waombaji. A ni 6, B 5, C 4, D 3, E 2, O 1. Prinsipo 2, yaani masomo makuu mawili uliyofaulu kwa E au zaidi, zinakuingiza digrii lakini ufadhili wa serikali ni kitu kingine, pale masomo mawili ya msingi ya kozi yanazidishwa mara 3, la tatu mara 2, GP (General Paper) na sub, yale masomo madogo ya nyongeza, mara 1. Kwa hiyo akipanda kutoka D kwenda C kwenye somo la msingi ameongeza pointi 3 nzima, na wasichana walianza kupewa 1.5 juu yake mwaka 1990. Akiijua hiyo hesabu anajua Jumamosi akazane wapi. Kuna kota ya wilaya pia, yaani nafasi za ufadhili zinazotengewa kila wilaya, waambie. Mkopo wa bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi upo tangu 2014 ila unapendelea sayansi, watoto wa HEG wasiutegemee peke yake, na lazima uwe na kitambulisho cha taifa, sasa kile, NIRA wanaokitoa wanaweza kukikalia miezi.

KijanaWaMpakani
Mzee, dada, Mungu awabariki. Nimewauliza, wanne hawana kitambulisho. Jumatatu nawapeleka mwenyewe. Jumamosi tunaanza na ramani, uzi nimeshanunua.