Mradi wa kufundisha tabaka na mandhari katika The Great Gatsby: nianzie wapi?

Chaki na Ubao:
Habari za kazi, walimu wenzangu. Darasa lina wanafunzi 45, vipindi vilivyobaki ni sita vya dakika 40, na riwaya hii ya F. Scott Fitzgerald wameshaimaliza. Hadithi wanaijua vizuri, lakini ukiwauliza kuhusu matabaka wanaandika "Gatsby ni tajiri, Wilson ni maskini" na kuishia hapo. Mandhari nayo ni "New York, kiangazi cha 1922", basi. Natafuta mradi wa ubunifu utakaowafanya waone jinsi mahali anapoishi mtu panavyofungamana na tabaka lake. Nimefikiria igizo la sherehe nyumbani kwa Gatsby. Mnashauri nini?

Kalamu ya Wino:
Mwalimu, igizo la sherehe liache. Watakuletea manyoya kichwani na muziki, na vipindi viwili vitakwisha bila mtu kufungua kitabu. Anza na ramani, tena yenye skeli.

Karatasi ya manila ya A1 ina urefu wa sentimita 84. Riwaya inaziweka West Egg (anakoishi Gatsby) na East Egg (anakoishi Tom, tajiri wa kurithi) maili 20 kutoka jijini, kama kilomita 32. Sentimita 1 ikiwakilisha nusu kilomita unapata sentimita 64, na nafasi ya pembeni inabaki. New York iwe kushoto, kisha West Egg, ghuba, na East Egg kulia. Bonde la majivu, eneo la ukiwa anakoishi Wilson, linakaa karibu nusu ya njia kati ya New York na West Egg. Hapa ndipo wengi hukosea, wanalichora kati ya Egg mbili. Usiwasahihishe, warudishe mwanzo wa sura ya pili.

Sasa wapime. Barabara inaambatana na reli kwa robo maili ili kulikwepa bonde, yaani mita 400. Kwenye ramani ni milimita 8. Kisha warudi sura ya kwanza watafute nyasi za nyumbani kwa Tom: zinaanza ufukweni na kwenda robo maili hadi mlangoni. Milimita 8 zilezile! Upande mmoja ni nyasi za familia moja, upande mwingine ni kipande cha njia kilichopindishwa kwa haraka ili wapita njia wasikaribie majivu. Waandike aya moja kuhusu hizo milimita 8 kabla ya kuchora kitu kingine chochote.

Mwisho ni nyuzi za rangi tatu, moja ya safari za Tom, moja ya Gatsby, moja ya Wilson. Za hao wawili zitakwenda mjini na kurudi. Wa Wilson hautatoka bondeni mpaka anapoanza kulitafuta gari la manjano lililomuua mkewe Myrtle, na hata siku hiyo anakwenda kwa miguu, naye ndiye mwenye gereji.

Msomaji Makini:
Ramani nzuri, ila peke yake haigusi swali gumu: kwa nini Tom anamdharau Gatsby wakati Gatsby naye ana pesa? Mwanafunzi ataona majumba mawili makubwa yametazamana na kusema tabaka lao ni moja.

Baada ya ramani wape daftari la hesabu. Nick, msimulizi na jirani wa Gatsby, analipa kodi ya dola 80 kwa mwezi, na nyumba yake imebanwa kati ya majumba yanayokodishwa dola 12,000 au 15,000 kwa msimu. Mkufu wa lulu ambao Tom alimpa mkewe Daisy siku moja kabla ya harusi yao ni dola 350,000. Mtoto wa mbwa anayenunuliwa kwa ajili ya Myrtle, hawara wa Tom, ni dola 10. Wasigeuze kuwa fedha za leo, watapotelea kwenye viwango vya kubadilishia na mjadala utaishia hapo. Kipimo kiwe kodi ya Nick. Mkufu ni kodi ya miezi 4,375, zaidi ya miaka 364. Mbwa ni sehemu moja ya nane ya kodi ya mwezi mmoja.

Safu ya pili ya daftari ndiyo yenye uzito: pesa imetoka wapi, na nani anajua? Ya Tom ni ya urithi, hakuna anayeihoji. Ya Gatsby inanong'onwa kila sherehe, na Tom anakuja kuianika hadharani kuwa ya pombe ya magendo. Hapo waingize suti ya Gatsby ya rangi ya waridi na vile vitabu vya maktaba yake, vya kweli kabisa, ila kurasa zake hazijakatwa, yaani havijawahi kusomwa.

Mama Fasihi:
Mmewasahau wafanyakazi. Kila Ijumaa machungwa na malimau yanafika kwa Gatsby kwa makasha, na Jumatatu maganda yanatoka kwa mlango wa nyuma. Jikoni kuna mashine inayokamua machungwa 200 kwa nusu saa, mradi mtumishi abonyeze kitufe mara 200. Hiyo ni mara moja kila sekunde tisa. Darasa zima ligonge meza kwa kidole gumba kila sekunde tisa kwa dakika tatu, mara 20, pasipo maneno. Kisha kila mmoja aandike Jumatatu ya mtumishi huyo, maneno 250, na maneno "tajiri" na "maskini" yapigwe marufuku. Wakikosa hayo mawili inabidi wataje vitu, na vitu ndivyo vinavyobeba tabaka. Anayekwama mpe suti ya harusi ya Wilson. Aliiazima, na Myrtle akajua siku mwenye suti alipokuja kuichukua.

Chaki na Ubao:
Asanteni sana. Vikundi vya watu wangapi, na nasahihishaje bila kuishia kumpa alama mchoraji hodari?

Kalamu ya Wino:
Watano watano, vikundi tisa. Mmoja anapima, wawili wanatafuta sentensi kitabuni, mmoja anachora, mmoja anaandika maelezo. Mchoraji asiguse karatasi kabla ya kuletewa sentensi yenye namba ya ukurasa, la sivyo atafanya kazi yote huku wanne wakimtazama. Ramani vipindi viwili, hesabu kimoja, uandishi viwili, kuwasilisha kimoja.

Alama 20: ushahidi wa kitabuni 8, maelezo ya kinachoonyeshwa na ushahidi huo 8, ufundi 4. Wape mgawanyo huo siku ya kwanza. Na kazi ya Jumatatu ya mtumishi kila mwanafunzi asahihishiwe yake, isiwe ya kikundi.

Msomaji Makini:
Kwenye kuwasilisha, kila kikundi kiulizwe na kikundi kingine swali moja tu: "Kitabuni hiki kiko wapi?" Dakika nne kwa kikundi, tisa mara nne ni 36, zinabaki nne za kubandika ramani ukutani.