Mjadala: Je, ni haki kulazimisha huduma katika shule za upili za Kikatoliki?

Naomba tujadili swali ambalo walimu, mapadre na wazazi wamekuwa wakilizungukazunguka. Je, shule ya upili ya Kikatoliki ina haki ya kumlazimisha mwanafunzi ajiunge na chama cha huduma, kisha imhesabie saa alizotumikia kana kwamba ni alama za mtihani? Hapa Kenya swali hili limekuwa zito zaidi tangu mtaala mpya uliposema kwamba mafunzo ya huduma kwa jamii ni somo la lazima katika sekondari ya juu. Shule nyingi za Kanisa, ambazo tayari zina YCS (chama cha wanafunzi vijana Wakristo), skauti na vyama vingine, zimeona njia rahisi ya kulitimiza sharti hilo: kila mtu aingie chama cha huduma, na klabu za burudani zingoje.

Msimamo wangu ni kwamba lazima hiyo inapaswa kuifunga shule kabla ya kumfunga mwanafunzi. Shule ndiyo ilazimike kutenga wakati wa huduma na wa burudani na kuulinda usiliwe na masomo ya ziada, na mwanafunzi aachiwe uhuru wa kuchagua chama chake.

Wakati huo haukosekani katika sheria. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zimetenga muda wa kuanzia saa tisa na nusu alasiri hadi saa kumi na dakika 45, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa shughuli zisizo za darasani. Aliyewahi kufundisha katika shule ya bweni anajua yanayoupata muda huo mtihani wa kitaifa unapokaribia: mwalimu wa hisabati anauomba kwa wiki moja, wa kemia anafuata, na hatimaye klabu ya sataranji, uigizaji na mpira wa wavu zinabaki kuwa majina kwenye ubao wa matangazo. Kisha shule inapotangaza huduma ya lazima, muda wake unatafutwa Jumamosi mchana au Jumapili baada ya misa, yaani katika saa zilezile chache ambazo kijana alikuwa amebakiwa nazo za kupumzika, kufua nguo zake na kuzungumza na wenzake.

Sikubaliani na dhana kwamba burudani ni jambo dogo ambalo shule ya Kikatoliki inaweza kulitoa kafara kwa ajili ya huduma. Yohane Bosco, padre wa Turin katika karne ya 19 na mwanzilishi wa shirika la watawa la Wasalesiani, aliuhesabu uwanja wa michezo kuwa mahali pa malezi sawa na kanisa na darasa, na aliwataka walezi wawe uwanjani pamoja na vijana, wacheze nao. Hata Tuzo ya Rais, mpango wa kuwatuza vijana ulioanza nchini mwaka 1966 na ambayo shule nyingi zinaifuata, inamtaka mshiriki wa ngazi ya shaba, fedha au dhahabu afanye huduma, ajifunze stadi, ashughulishe mwili na aende safari ya ukakamavu. Huduma na mazoezi vimewekwa bega kwa bega, na anayejiunga hujiunga kwa hiari yake.

Kinachonisumbua zaidi ni kile ambacho kuhesabu saa kunaifanyia huduma yenyewe. YCS imerithi njia ya Joseph Cardijn, padre Mbelgiji aliyeanzisha chama cha vijana wafanyakazi Wakristo mwaka 1925: ona, amua, tenda. Papa Yohane wa 23 aliitaja njia hiyo katika waraka wake wa kijamii wa mwaka 1961 na kuwahimiza vijana waijifunze kwa kuitumia. Hatua mbili kati ya hizo tatu hufanyika kabla mtu hajanyanyua mkono: wanachama hukutana, hutazama hali ya watu wanaowazunguka, huuliza chanzo chake, huipima kwa Injili, na baada ya hapo ndipo huchagua la kufanya. Saa zikianza kuhesabiwa, kinachoandikwa daftarini ni hatua ya tatu tu. Matokeo yake tunayaona: basi la shule linakwenda kwenye makao ya watoto, unga, sukari na sabuni vinashushwa, wimbo unaimbwa, picha inapigwa, na jioni kila mwanafunzi ana saa tano. Watoto waliotembelewa hawakuulizwa walichohitaji, wala hakuna aliyepanga kurudi. Wageni husongamana karibu na Krismasi, halafu miezi hupita.

Linganisha na kikundi kidogo kilichokaa na kuona kwamba mwanafunzi mgeni bwenini hulia kila usiku, au kwamba mpishi mzee hubeba mitungi ya maji peke yake alfajiri, kikaamua kupokezana zamu bila kutangaza. Hakuna fomu ya mwalimu mlezi inayoweza kuinasa huduma hiyo, ilhali ndiyo iliyo karibu zaidi na agizo la Injili kwamba mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume.

Wanaotetea lazima wana hoja nzito, nami siidharau. Wanasema kwamba hiari ikiachwa hivihivi, watakaojitokeza ni walewale wenye moyo, na mtoto aliyelelewa kwa kuhudumiwa atamaliza shule bila kumhudumia yeyote. Ndiyo maana zamu za kufagia, kuosha vyombo na kulima bustani ziwe za wote bila kubagua, kwa kuwa kila anayekula anapaswa kufagia. Na somo la huduma lililo katika mtaala lifundishwe darasani kama masomo mengine, chini ya mwalimu wake. Chama ni kitu kingine: kinaishi kwa sababu wanachama wake wamekitaka.

Tukumbuke pia wasio Wakatoliki. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inampa mfadhili wa shule, kama vile Kanisa, nafasi ya kukuza maisha ya kiroho shuleni huku akilinda imani za wengine, na Ibara ya 32 ya Katiba inakataza mtu kulazimishwa kutenda jambo lililo kinyume cha dini yake. Huduma ikipitia YCS pekee, mwanafunzi Mwislamu atawekwa katika chama kinachosali kwa namna isiyo yake. Ikipangwa Jumamosi, Msabato atakosa alama kwa kuishika siku yake. Kuirudisha huduma kwenye ule muda wa alasiri kungeondoa tatizo hili la pili mara moja.

Na kwa wanaosema kwamba saa zihesabiwe ili mwanafunzi apate cheti, nafasi za vyuo vikuu vya humu nchini hugawanywa kwa alama za mtihani wa kidato cha nne. Cheti cha saa za huduma humfaa hasa anayeomba ufadhili wa kusoma ng'ambo, na sioni sababu ya kupanga maisha ya shule nzima kwa ajili yake.

Ningependa walimu walezi na wakuu wa shule waanze kwa kujibu hili: katika shule yenu, muda wa saa tisa na nusu hadi saa kumi na dakika 45 unatumika kwa nini hasa muhula huu, na ni nani aliyeamua hivyo?