Nani kawaambia roketi inasukuma hewa?? Mnaofundisha sayansi mtandaoni mnatuchosha

Wakuu leo nina hasira na msiniambie nitulie. Kila ikiwekwa clip ya roketi anatokea mtu anauliza "huko juu hakuna hewa, sasa inasukuma nini?" watu wanamcheka wanamwita mjinga. Mimi simlaumu huyo hata kidogo, nawalaumu nyie mlioweka video zenu na mshale mkubwa unatoka kwenye moto unaenda kugonga ardhi, eti roketi "inajisukuma kwenye hewa". Ukishamfundisha mtu hivyo swali lake ni la akili kabisa!

Roketi haisukumi hewa. HAISUKUMI. Inachosukuma ni gesi yake yenyewe, mafuta yanaungua ndani ya injini, gesi inatoka nyuma kwa kasi ya kilomita 2.5 mpaka 4.5 kwa SEKUNDE, na wakati injini inaitupa gesi nyuma gesi nayo inaisukuma injini mbele. Basi. Newton kaliandika hilo 1687. Simama kwenye mtumbwi uliotulia urushe jiwe zito nyuma uone kama hautasogea, na hapo jiwe hata halijagusa maji.

Tena hewa ni kero tu kwa roketi. Injini za F-1 za Saturn V, ile roketi iliyowapeleka watu Mwezini, zilikuwa zinasukuma kwa nguvu zaidi kadiri roketi inavyopanda na hewa inavyopungua, sasa nyie mnatuambia hewa ndo inasaidia, kivipi?

Na moto unawakaje bila oksijeni? Wanabeba yao jamani! Kwenye hatua ya kwanza ya Saturn V, yaani sehemu ya chini inayowaka mwanzo, oksijeni ilikuwa nzito mara mbili na zaidi kuliko mafuta ya taa yenyewe, ndo maana lile lidude la tani karibu 2,900 sehemu kubwa ni matanki.

Halafu kuna nyie wa animesheni, roketi inawaka moto njia nzima mpaka Mwezini, hivi mafuta hayo yanatoka wapi? Apollo 11, safari iliyowatua watu wa kwanza Mwezini, iliwasha injini kama dakika 6 tu kutoka kwenye obiti ya Dunia (njia ya kuizunguka), baada ya hapo ikajiendea siku tatu injini kubwa imezimwa, ukitoa kurekebisha njia kidogo. Na kufika sio mwisho, ilibidi igeuke iwashe injini kinyume ili ipunguze mwendo, kule hakuna breki wala hewa ya kukusimamisha.

La "hakuna mvutano angani" ndo linanitoa povu kabisa. ISS, kile kituo cha anga wanachokaa wanaanga, kiko kama kilomita 400 juu na mvutano pale bado ni karibu asilimia 90 ya huu wa chini. Wanaanga wanaelea kwa sababu wanaanguka muda wote, ila wanakimbia kuizunguka Dunia karibu kilomita 7.7 kwa sekunde, kwa hiyo wanaikosa ardhi kila saa. Mafuta mengi yanaishia kwenye mwendo huo wa pembeni sio kupanda juu.

Gazeti la New York Times walimkejeli Goddard, Mmarekani aliyekuwa anatafiti roketi, 1920 kwa hoja hii hii ya hewa, wakaja kukiri kosa tarehe 17 Julai 1969, Apollo 11 ikiwa tayari njiani. Nyie mna followers kibao na comments za kuwasahihisha mnafuta! Toeni hizo video. Na anayebisha aje na hesabu, sio matusi.