Gunia, ofa au kupima: wapi panalipa Mombasa?

Mama Kisauni
Salaam aleikum jamaa. Nyumba yangu ni watu sita, na pesa za jikoni zaisha kabla mwezi haujafika katikati. Nanunua duka la hapa nje: mafuta ya kupima, sukari robo, unga pakiti moja moja. Wifi yangu asema niende soko la Kongowea nijaze nyumba mara moja. Jirani asema ningoje ofa za supamaketi. Stoo sina, vyumba ni viwili. Mwashauri nini?

Mchuuzi Mstaafu
Dada, piga hesabu kwa kilo, usidanganywe na ukubwa wa mzigo. Beli ya unga ni pakiti 12 za kilo 2, kwa hivyo ukitajiwa bei gawanya kwa 24, ndipo ulinganishe na dukani. Na nafaka usipimiwe kwa mkebe kabla hujautazama kitako. Kitako kikigongwa kikaingia ndani, utauona mkebe umejaa mpaka umefanya kilele, lakini ukiumwaga kwenye mizani umepunguka. Dai mizani, hata muuzaji akinuna.

Binti Mji wa Kale
Mizani sawa, lakini mwasahau joto na unyevu wa huku kwetu. Gunia la pojo kwenye vyumba viwili? Fukusi watakula kabla yenu. Mayai yao huja na pojo toka shamba, nyumbani yanaanguliwa tu. Pojo na kunde chukua za mwezi. Kama friza unayo, zilaze humo siku kadhaa kabla ya kuzitia kwenye ndoo ya mfuniko. Maharagwe yakikaa miezi kwenye joto hili hugoma kuiva, na ulichookoa sokoni chaishia kwenye gesi. Dona nayo huchacha upesi kwa sababu ya mafuta ya kiini. Sukari haina mdudu, mradi isipate unyevu.

Abiria wa Feri
Kuna nauli pia. Ukiokoa shilingi 10 kwa kilo, mchele wa kilo 25 umekupa 250. Toa hamali, toa tuktuk, uone kilichobaki. Sisi wa Likoni kuvuka feri kwa miguu ni bure, lakini jaribu kuvuka na kilo 25 begani saa kumi na moja jioni! Mimi nanunua jumla hukuhuku, bei imezidi kidogo na sijutii.

Baba Pacha
Supamaketi naenda kwa sabuni na mafuta tu, tena siku za ofa. Mara nyingine chupa ndogo za ofa, ukigawanya kwa lita, zashinda jerikeni la lita 20. Watoto nawaacha nyumbani. Wameshaelewa kwa nini.

Shangazi wa Majengo
Mwanangu, hamjataja kugawana. Sisi wa ploti twanunua jerikeni moja la mafuta na neti ya vitunguu, twapima kwa chupa mbele ya wote, na nauli twachangia. Pesa hutolewa kabla ya safari. "Nitakupa kesho" hatuna. Tende, sukari na ngano za Ramadhani twazichukua Rajabu, kabla bei haijapanda. Ila mwenye duka la nje usimtupe, ndiye mwenye daftari la deni mtoto akiugua. Na chunga mkono: jerikeni likiwa jikoni, mtu humimina tu. Kibaba cha kupikia kikae ndani ya ndoo ya mchele.

Mama Kisauni
Shukran shangazi. Nimeshaongea na majirani wawili, twaanza na mafuta na sukari. Pojo nitaendelea kupima. Mchuuzi, vitunguu nende saa ngapi?

Mchuuzi Mstaafu
Alfajiri, malori yanaposhusha, kabla wachuuzi wa mitaani hawajachagua. Beba gunia lako na pesa ndogondogo. Na neti ifunguliwe uone vya katikati, vya juu ni maonyesho.