Kutopiga kelele kunahesabiwa kuwa ni ridhaa?

Msaidizi wa sheria, Wete
Assalamu alaykum. Katika shehia yetu yupo binti wa miaka 24 aliyeripoti kubakwa na mtu anayemfahamu. Fomu ya polisi iliyojazwa na daktari imerudi ikionesha kuwa hana jeraha, na mwenyewe anakiri kwamba hakupiga kelele, kwani mlango ulikuwa umetiwa komeo na mkono wa mtu yule ulikuwa shingoni mwake. Wazee wanamwambia kesi haitosimama, kwa sababu kimya ni radhi. Je, kutokuwepo kwa ridhaa kutathibitishwaje pasipo kuacha shaka, ilhali chumbani walikuwa wawili tu?

Wakili, Unguja Mjini
Wa alaykumu salaam, dada yangu. Kimya cha mwari mbele ya walii wake, yaani msimamizi wake wa ndoa, kuhesabiwa kuwa ni radhi ni suala la nikaha. Kukihamishia kwenye jinai ni kumdhulumu binti huyo mara ya pili. Mahakama ya Rufani, ambayo rufaa za jinai za Zanzibar nazo huishia huko, ilisema mwaka 2006 kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa mwathirika mwenyewe, ambaye akiwa mtu mzima ataeleza kuwa aliingiliwa na kwamba hakuridhia. Shahidi mmoja anatosha, madhali anaaminika. Kinachoniumiza ni maelezo ya polisi yanayoandikwa kwa sentensi moja, "alinibaka bila ya ridhaa yangu", halafu lile komeo na ule mkono vikatajwa kwa mara ya kwanza mahakamani, ambapo wakili wa utetezi atauliza kwa nini havikuandikwa, na shaka ikazaliwa hapo hapo.

Muuguzi mstaafu, Chake Chake
Daktari huandika alichokiona mwilini, na ridhaa haipimwi. Mtu mzima anaweza kubakwa asibaki hata na mchubuko. Alimwambia nani mwanzo?

Msaidizi wa sheria, Wete
Shangazi yake, alfajiri ile ile. Kanga aliyovaa binti imeshafuliwa.

Mzazi, Micheweni
Tusimsahau na mshitakiwa. Yeye halazimiki kuthibitisha kwamba aliridhiwa.

Wakili, Unguja Mjini
Ni kweli, na udhaifu wa utetezi wake pekee haumtii hatiani. Lakini shaka inayomwokoa ni ile yenye msingi katika ushahidi, si kila dhana inayoweza kubuniwa. Dada, shangazi aandikishe maelezo sasa: hakuliona tendo, ila atathibitisha kwamba binti alilalamika mapema na alikuwa katika hali gani. Binti naye aombe kuandikisha maelezo ya ziada, aanze na komeo.