Naombeni ushauri: kuna jamaa anataka kuingiza wimbo wangu kwenye pleilisti kwa malipo

Kinanda Kavu: Wakuu, heshima mbele. Mimi ni msanii wa kujitegemea, sina lebo wala meneja. Wimbo wangu unatoka Ijumaa hii. Kuna jamaa ana pleilisti kadhaa, yaani orodha za nyimbo, kwenye Spotify, anasema nikilipia kifurushi utachezwa mara 20,000 kwa mwezi, uhakika. Niende naye au niachane naye? Hata usingizi sipati.

Mzee wa Ngoma: Kijana, enzi zetu tulibeba kanda wenyewe hadi redioni. Mtangazaji akiipenda anaipiga, asipoipenda mnarudi mazoezini. Mpiga gitaa wetu aliwahi kulala nje ya studio akimsubiri mtangazaji. Siku hizi mnanunua hadi makofi!

Dada Besi: Mzee, shikamoo, ila hajauliza hilo. Kinanda, kinachonitisha ni huo uhakika. Mwenye pleilisti ya kweli hawezi kujua watu wangapi watasikiliza. Anayeijua idadi mapema anaitengeneza mwenyewe: programu inacheza wimbo ukipita sekunde 30 ili uhesabiwe, kisha inaruka. Spotify wanakataza kuuza nafasi. Na tangu 2024 wanamtoza faini msambazaji, yule anayekupelekea wimbo Spotify, wimbo ukikutwa umejaa usikilizaji bandia, naye anaweza kukukata wewe. Umeshampa hela?

Kinanda Kavu: Malipo ya awali tu. Nusu.

Mchachu: Nusu nzima halafu "tu"! 😂

Dada Besi: Ndiyo mara yako ya kwanza kufanya naye kazi?

Kinanda Kavu: Hapana. Wimbo uliopita alinipandishia namba yeye. Ulipanda kweli, baadaye msambazaji akaniandikia kuwa usikilizaji wake si wa kawaida, akaushusha kutoka Spotify. Lakini jamaa amenieleza tatizo lilikuwa kasi, safari hii ataupandisha polepole. Na msinilaumu bure: wimbo usipofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12, Spotify hawakulipi hata senti. Sisi wadogo tufanyeje?

Mwana Kwaya: Mdogo wangu, kipaji ni cha Mungu. Ukikitafutia wasikilizaji wa uongo unamkosea aliyekupa.

Mchachu: Subirini kwanza, hii chai. Mtu kashushiwa wimbo, halafu anamlipa tena yuleyule? Akaunti yenyewe mpya. Huyu ndiye mwenye pleilisti, anapima upepo. Kesho anaweka namba ya simu.

Ngoma Nzito: Nilishaanza kutafuta kikombe.

Kinanda Kavu: Jamani, kwanini nidanganye? Takwimu za ule wimbo zilionyesha karibu wasikilizaji wote wako mji mmoja ambao sijawahi kutia mguu. Waliouhifadhi hawafiki vidole vya mkono mmoja. Anayetangaza biashara angeyasema hayo?

Mchachu: Wakala mjanja angeyasema hayohayo.

Dada Besi: Iwe chai isiwe chai, kuna wasanii wanasoma hapa. Usimalizie hiyo nusu. Kama unaweza, sogeza tarehe, kisha peleka wimbo kwa wahariri wa Spotify kupitia akaunti yako ya msanii. Ukiuwasilisha angalau siku 7 kabla haujatoka, unaingia pia kwenye Release Radar ya wafuasi wako, ile pleilisti ya nyimbo mpya ambayo Spotify humtengenezea kila msikilizaji. Hakuna malipo. Na kagua pleilisti za huyo jamaa: ukikuta injili, hip hop na muziki wa kulalia vimechanganywa, hakuna binadamu anayesikiliza hivyo.

Kinanda Kavu: Kusogeza haiwezekani. Dada aliyeimba kiitikio ameshatangaza tarehe.

Dada Besi: Anajua yaliyoupata wimbo uliopita?

Kinanda Kavu: Sijamwambia bado.

Dada Besi: Jina lake liko kwenye wimbo huu. Ukishushwa, na kazi yake imeshushwa. Mpigie leo.

Mzee wa Ngoma: Huyo dada anaimba sauti ya ngapi? Bendi yetu inatafuta mtu.

Kinanda Kavu: Nimekuelewa, Dada Besi. Ila acha kwanza jamaa anijibu kuhusu hela yangu.