Kishikio cha paa la boti kimepasuka: nailoni, stenlesi au cha kukereza?

MkokotoniFaiba
Wakuu, poleni na kazi. Nina boti ya faiba, napeleka wageni Mnemba. Paa lake ni turubai juu ya pinde tatu za bomba. Upinde mkuu umefungwa ubavuni kwa bawaba, na pinde nyingine mbili zimeshikwa kwenye huo mkuu kwa kile kidude kinachovaa bomba kama pete, chenye mataya mawili na pini inayopita katikati. Kimoja cha upande wa kushoto kimepasuka taya. Ni plastiki nyeusi ambayo sasa imekuwa nyeupe-nyeupe, ukiikuna kwa kucha inatoa unga. Hakina namba wala chapa.

Darajani nimeoneshwa vya saizi tatu tofauti na kila muuzaji anasema chake ndicho. Nakipima vipi? Na kipi kinafaa: plastiki tena, stenlesi, au nimpelekee fundi akereze? Upepo wa kusi umeshaanza na wageni hawawezi kukaa juani.

FundiMapaa_Mtwapa
Ndugu yangu, hicho kidude usikipime chenyewe. Kimekaa juani, kimejikunja, tundu lake limeshapanuka. Pima bomba, tena kwa nje. Saizi ya vishikio hivi hutajwa kwa upana wa nje wa bomba, na zinazopatikana sana ni mm 20, mm 22, inchi 7/8 (mm 22.2), mm 25, inchi 1 (mm 25.4), mm 30 na mm 32. Hapo ndipo wauzaji wanapokuchanganya, maana 25 na 25.4 ukiviangalia kwa macho ni kitu kimoja.

Ukiwa na kalipa (kipimio cha mataya cha kupimia upana), kazi imekwisha. Huna? Chukua ukanda mwembamba wa karatasi, uzungushe kwenye bomba mahali palipo safi, utie alama ya kalamu pale ncha zinapopandana, ukunjue upime kwa rula. Gawanya kwa 3.14. Bomba la inchi 1 litakupa karibu mm 80, la mm 25 litakupa 78.5. La inchi 7/8 ni kama 70, la mm 22 ni 69. Rudia sehemu mbili tatu. Uzi usitumie, unavutika.

Kisha pima vitu viwili zaidi: unene wa pini, kwa kawaida mm 6 au inchi 1/4, na nafasi kati ya mataya. Ulimi wa upinde mwingine, yaani kichwa chake chenye tundu la pini, lazima uingie humo bila kulazimishwa na bila kucheza.

Ukikosa saizi kamili, kishikio cha 25.4 kitavaa bomba la 25, ila kitazunguka hata ukikaza skrubu. Weka ukanda mwembamba wa plastiki ngumu ndani. Cha 25 kwenye bomba la 25.4 hakiingii. Kikiwa cha nailoni unaweza kukipanua kwa msasa, cha stenlesi usihangaike nacho.

Kaskazi_Kusi
Mkuu, achana na plastiki. Weka stenlesi ya daraja la 316 uishi kwa amani. Ile 316 ina molibdeni asilimia 2 hadi 3, ndiyo inayoisaidia kuhimili chumvi. Daraja la 304 haina. Za madukani nyingi ni 304, miezi michache baharini unaona madoa ya rangi ya chai kuzunguka skrubu.

Na usidanganywe na sumaku! Muuzaji atakuwekea sumaku, isishike, akwambie "unaona, hii ya baharini." 304 nayo kwa kawaida haishiki sumaku. Sumaku ikishika kwa nguvu ujue si yenyewe, huenda ni chuma cha kawaida kilichopakwa kromu, lakini isiposhika bado hujajua ni 304 au 316. Kwenye bolti tazama kichwani: A2 ni jamii ya 304, A4 ni jamii ya 316. Kwenye kishikio tafuta 316 iliyopigwa muhuri kwenye chuma chenyewe, karatasi ya kubandika isikutoshe.

MamaTurubai
Salaam. Mimi nashona mapaa haya, si fundi wa chuma, lakini swali langu kwa mwenye boti ni moja: bomba lako ni la nini? Nasoma watu wanashauri stenlesi na bomba hatujaambiwa. Likiwa la alumini, kishikio cha stenlesi kitalila. Metali mbili tofauti zikigusana kwenye maji ya chumvi, ile dhaifu ndiyo inayoliwa, na hapo dhaifu ni alumini. Turubai huletwa kwangu kushonwa upya na nakuta bomba limetoboka palepale pa skrubu ya stenlesi, penye unga mweupe.

MkokotoniFaiba
Ahsanteni sana. Nimepima kwa karatasi mara tatu: 80, 79.5, 80. Pini ni mm 6. Bomba ni jepesi, halina kutu, sumaku haishiki kabisa. Na kweli Mama, kwenye skrubu kuna unga mweupe umeganda.

MamaTurubai
Basi ni alumini, ya inchi 1. Nailoni.

Kaskazi_Kusi
Kama ni alumini nakubaliana na Mama, ingawa stenlesi inawezekana ukiitenga: mkanda wa plastiki kati yake na bomba, na grisi ya lanolini (mafuta ya sufi ya kondoo) kwenye skrubu. Kazi yake ni kubwa na lazima uikague kila mara. Kwa boti ya biashara, mimi ningepanga baadaye kubadilisha pinde zote ziwe za stenlesi, ndipo uvae vishikio vya 316. Nailoni juani inakufa, na hilo umeshaliona mwenyewe.

Gerezani_Lethi
Upande wa kukereza niseme mimi kwa kuwa ndiyo kazi yangu hapa Dar. Inawezekana, na ukileta kipande kilichovunjika pamoja na kipande cha bomba, hata kifupi, unatoka na kitu kinachokaa barabara. Lakini angalia fundi anatumia nini. Wengi watakukerezea kwa plastiki nyeupe ya mbao za kukatia nyama. Hiyo ni laini, skrubu inalegea, na ikiwa nyeupe jua linaiharibu upesi kuliko nyeusi. Omba asetali nyeusi (plastiki ngumu) au nailoni nyeusi. Rangi nyeusi ni masizi ya kaboni yanayozuia miale ya jua.

Mataya yenyewe hayakerezwi, yanachongwa kwa mashine nyingine au kwa msumeno na tupa. Kwa hiyo kimoja kitakugharimu muda. Ikiwa saizi yako ni inchi 1 na ipo dukani, nunua. Kukereza ni kwa yule mwenye bomba la saizi ya ajabu.

Kuna anayeweza kukushauri uchomelee tu ulimi kwenye bomba. Kataa. Joto la kuchomelea hulainisha alumini pale pale inapobeba mzigo, na paa halitakunjika tena inavyotakiwa.

NahodhaPungume
Mimi naona mnazungumzia kidude tu. Kwa nini kilipasuka? Jua limechangia, sawa, lakini vishikio vya upande wa kulia ni vya umri uleule na bado vizima. Mkuu, shika upinde wa mbele utikise. Ukisikia pini inagonga, mikanda imelegea. Mikanda ya mbele na nyuma ndiyo inayobeba paa, hivi vishikio ni viungo tu. Mkanda ukilegea, kila wimbi linahamia kwenye taya. Uweke 316 leo, mzigo utahamia kwenye bomba, na bomba la alumini likikunjika halinyooki likawa kama mwanzo.

Ndiyo sababu mimi napenda nailoni kwa paa la alumini hata pasingekuwa na habari ya chumvi. Bora kitu cha bei ndogo kivunjike kwanza. Nabeba viwili vya akiba kwenye sanduku la spana, pamoja na pini zake na alenki (ufunguo wa pembe sita).

MkokotoniFaiba
Nimetikisa. Upinde wa mbele unacheza sana upande wa kushoto. Mkanda wa kushoto bakoli yake (kifungio cha kukazia) inateleza, na tundu la pini kwenye ulimi limekuwa na umbo la yai. Kwa sasa nimefunga kwa kamba, nimezungusha msalaba kati ya pinde mbili. Inashika, ila nimewaambia vijana wakunje paa boti ikienda kasi.

NahodhaPungume
Hapo umefanya sawa. Kamba ibaki mpaka kipya kifike, na upepo ukizidi ukunje paa, hata ukiwa wa mbele tu. Turubai likishika upepo wa kusi linang'oa bawaba na kipande cha faiba pamoja nayo.

FundiMapaa_Mtwapa
Sasa kazi yenyewe. Kishikio cha pete nzima hukivishi mpaka utoe kichwa cha mwisho wa bomba. Skrubu zake kwenye alumini zimeshikana na ule unga, kwa hiyo mimina mafuta ya kulegeza kutu jioni, uache usiku, asubuhi gonga kichwa cha skrubu polepole kabla ya kuzungusha. Ukizungusha kwa hasira kichwa kinaliwa na utabaki na kekee. Kuna aina nyingine inayofunguka nusu mbili na kufungwa kwa bolti. Hiyo unaivaa bila kung'oa chochote. Ukiipata ya nailoni nyeusi ya inchi 1, chukua hiyo.

Kabla ya kutoa cha zamani tia alama kwenye bomba kwa kalamu ya wino usiofutika, pande zote mbili. Kikikaa sentimita mbili nje ya mahali pake, turubai litajikunja upande mmoja na maji ya mvua yatatuama.

Ulimi wenye tundu la yai nao ubadilishwe, la sivyo pini mpya itaanza kugonga palepale. Bakoli ya mkanda vilevile. Na usibadilishe kimoja tu, badilisha vyote vinne, maana vimekula jua moja. Skrubu ipake lanolini, ikaze mpaka kishikio kisizunguke kwa mkono, basi. Nailoni ukiikaza kupita hapo inapata ufa ambao hutauona mpaka siku ya wimbi.

Bawaba za ubavuni umezitazama? Kama zimefungwa kwa skrubu za mbao ndani ya faiba, na si bolti zenye washa pana kwa chini, nipigie picha uweke hapa.